Doa Mdomoni na Mashine ya Shemeji

Shemeji yangu ni mdogo wa kike wa marehemu mke wangu. Anapiga picha za pasipoti na za harusi katika chumba kimoja: pazia la buluu ukutani, kiti cha miguu minne, mmoja niliuunga mimi. Ana maneno mengi. Marehemu alikuwa akisema maneno yote ya kwao alipewa mdogo.

Nilimpelekea picha ya mke wangu. Ninayo hiyo moja. Maji ya paa yaliingia kwenye fremu niliyoitengeneza mimi, yakaacha doa mdomoni. Nilitaka liondoke, nimwone mzima.

Akaiingiza kwenye kompyuta. Akigusa doa, mashine inaganda. Akisubiri, inajizima na kazi yote inapotea. Siku nne hivyo.

"Shemeji, nenda nyumbani. Unaikodolea mashine macho mpaka inaona haya."

"Nimekaa tu."

"Umekaa tangu asubuhi. Chai yako imeota ngozi."

Siku ya tano akasema anabadilisha vifaa. Tukaenda dukani pamoja. Muuzaji, bwana mwenye miwani kwenye paji la uso, akamtolea kadi ya picha ya kufunga ndani ya kompyuta, yenye feni tatu na taa za rangi.

"Hii ndiyo dawa, mama. Hata michezo ya vita inakwenda."

"Sina vita na mtu," shemeji akasema, lakini alikwisha kuishika. Anapenda vitu vinavyowaka.

Mimi sikusoma. Nilikuwa seremala miaka arobaini. Msumeno ukikwama, nausikiliza kwanza. Nikamwambia muuzaji, "Mashine yake ikiganda, feni haipandi sauti. Inayokwaruza ni ile diski ya ndani. Krr, krr, mpaka izime."

Akashusha miwani. "Mzee, umefanya kazi ya kompyuta?"

"Ya makabati."

"Basi memori yake ndogo, inajaa. Picha ikikosa pa kukaa, mashine inaipeleka kwenye diski na kuirudisha, kutwa nzima. Aongeze memori, aweke na diski mpya isiyozunguka. Kadi aliyonayo inamtosha."

"Mzee kaninyima taa zangu," shemeji akasema.

Tukavinunua, vikafungwa kwenye mashine. Jioni ile picha ilifunguka kabla sijakaa. Akafuta doa. Chini yake hapakuwa na kitu, weupe tu. Kisha akachukua picha yake mwenyewe, akakata mdomo, akaupachika kwa dada yake. Ukakaa sawasawa, kiungo hakionekani. Kazi safi.

"Haya, sema."

"Huu mdomo unataka kuongea."

"Ni wangu, shemeji."

"Najua."

Akajaribu uliofungwa, unaotabasamu, ulionuna. Mashine haikuganda hata mara moja. Nilitazama midomo kumi na mmoja. Yote ilikuwa ya shemeji.

"Rudisha doa," nikasema.

"Baada ya kazi yote hii?"

"Rudisha. Wewe ninakuona kila siku."

Akabonyeza. Doa likarudi kabla sijapepesa macho. Vile vifaa vina kasi kweli.

Picha iko ukutani kwangu. Nimeitengenezea fremu nyingine, nimeziba nyuma kwa gundi na kona zote nne. Hii haipitishi maji.