Kasha la Wifi Yangu Lilipopangwa A Mpaka Z

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alisimama mbele ya kasha la herufi kwa miaka thelathini na mmoja. Kiwandani, pale gazeti lilipochapwa, walimwita Mkono. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nakunja kurasa na kushona vitabu, na nyumbani tuliishi pamoja, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Kasha lenyewe ni meza ya mbao iliyoinama kidogo, imegawanywa vijumba, na kila kijumba kina herufi yake ya kuchapia, iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Hazikai kama tulivyozikariri darasani. Ile inayotumika sana imepewa kijumba kikubwa katikati, karibu na mkono. Zile za nadra zimetupwa pembeni. Mashine zilipokuja, gazeti lote likahamia huko. Kwa wifi likabaki fumbo la Ijumaa.

Fumbo lilikuwa hivi: gazeti linatoa herufi tano, wasomaji wanatafuta maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi hizo zote ndani. Majibu aliyaandaa wifi. Shule aliishia darasa la nne, na Kiingereza chake kilikuwa salamu tu, tena ya asubuhi. Lakini alikuwa amepanga kwa vidole vitabu vya kilimo, hukumu za mahakama, ripoti za hospitali. Anaziweka zile tano kwenye kibao, anafumba macho, mkono unaanza safari wenyewe.

"Hilo maana yake nini?" nilimuuliza siku moja.

"Maana waulize wenye vyeti. Mimi najua linapita wapi."

Akaja meneja mpya, kijana mwenye adabu zake. "Mama, kompyuta inaiweza kazi hii," alimwambia. "Lakini nakuheshimu. Orodha ikinifikia Alhamisi kabla ya saa sita mchana, fumbo ni lako. Ikichelewa hata mara moja, naipa mashine."

Fumbo likiondoka, wifi anaondoka nalo. Na wifi bila kile chumba sikujua angekuwa nani.

Basi Jumatatu moja tukamkuta meneja kando ya kasha, mikono imejaa weusi wa risasi, anacheka kama mtu aliyeleta zawadi. Alikuwa ameshinda hapo Jumamosi na Jumapili.

"Nimekupangia upya, Mama. A mpaka Z. Sasa hutahangaika."

Wifi akapeleka mkono kwenye kijumba cha katikati. Akatoa M. Akajaribu tena, akauvuta mkono kama aliyegusa jiko.

"Asante, baba," alisema. Angesema nini tena? Mtu amejichosha kwa ajili yako, utamtukana vipi?

Siku hiyo hakupata neno hata moja. Maneno yake yote yalikuwa njiani, na njia zimehamishwa. Jumanne asubuhi nikamwambia, "Turudishe basi. Wewe nitajie tu herufi gani inakaa wapi."

"Sijui."

"Hujui? Wewe?"

"Mdomo haujui, we mwanamke! Mdomo ungejua ningekuwa mwalimu, ningekaa na makelele yako hapa?"

Tukalifunika kasha kwa karatasi kubwa za kuchapia. Nikamsomea maneno kutoka vitabu vya zamani, herufi moja moja. Yeye amefumba macho, anapanga hewani. Mkono ukishuka, naandika herufi hapo hapo uliposhuka. Mara mbili uligoma, tukaacha, tukanywa chai, tukarudi. Jumatano kutwa tulihamisha risasi, maelfu yake, konzi kwa konzi. Vifundo vya miguu vilinivimba. Vyake sikuviona, alivificha kwa soksi.

Alhamisi herufi zilikuwa L, T, U, R, C. Akafumba macho. Ikaja agriculture. Ikaja horticulture, ikaja particularly. Halafu mkono ukazunguka sana, ukasita, ukaenda mbali, ukaleta circumstantial, herufi kumi na nne, kutoka zile hukumu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Tukapanda ngazi.

"Umewahi, Mama. Fumbo ni lako," meneja alisema. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, "Nilijaribu mashine pia, nione tu. Imeleta la herufi ishirini."

Akamwandikia: uncharacteristically. Wifi akashuka nalo, akalipanga. Mkono ulisimama kila kijumba kama mgeni anayeuliza njia. Alipomaliza akalitazama.

"Hili halijawahi kunipitia."

"Ni moja tu," nikasema. "Na wiki hii umeshinda."

"Nimeshinda. Na wiki ijayo miguu hii nisimame nayo tena? Na ile inayofuata?"

Akapanda tena, peke yake, lakini mlango ulikuwa wazi nikasikia. Alimwambia neno la mashine liwekwe juu, lake lifuate, na kuanzia wiki ijayo fumbo alichukue.

"Mama, nimekukosea?"

"Hapana, baba. Nimechoka." Habari ya kasha tulilolirudisha hakumwambia, na mpaka leo hajui.

Jioni, njiani kurudi nyumbani, tuliketi kwenye ngazi za duka la viatu tuvute pumzi.

"Kesho unaamka saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa ya kazi, kama kawaida."

"Mimi usiniamshe."