Boila la Bi Nora

Derek Entwistle alianza kutengeneza maboila, ile mitambo ya gesi ya kupasha nyumba joto, katika mji wa Accrington, Uingereza, akiwa na nywele kichwani, na sasa hana hata unywele mmoja. Kama kuna kitu kilichomkera duniani, ni mtu kumtoa kitandani kwenye theluji eti boila limekufa, kumbe bomba la kutolea maji nje limeganda tu, ulimwagie maji ya vuguvugu liendelee na kazi. Presha imeshuka? Fungua koki, ongeza maji. Vyuma vya ukutani vinavyosambaza joto la boila vina moto chini na juu ni baridi? Vitoe upepo, basi! Mahubiri hayo aliyatoa hata baa, mpaka wenzake wakambandika jina la Mchungaji wa Mabomba.

Asubuhi moja ya Januari aliitwa na Bi Nora Haworth, mjane wa kule mlimani kwenye nyumba zilizobanana. Kule fundi hashiki spana kabla ya chai, kwa hiyo Bi Nora alimkalisha jikoni kwanza. Akamimina vikombe vitatu.

"Tuko wawili, bibi. Hicho cha nani?"

"Cha Albert."

Albert alikuwa mumewe, na Derek mwenyewe alihudhuria mazishi yake mwezi wa kumi. Derek akanywa chai yake.

"Vyuma vya chumbani vimepoa, mwanangu. Nitengenezee hivyo," Bi Nora akasema. "Ila kule kugonga usikuguse."

"Kugonga kupi?"

Boila likajibu lenyewe. Ngo. Ngo. Ngo. Mlio ulitoka kwenye pembe ya jikoni lilipofungwa boila, ukapita ukutani ukielekea juu, polepole, kama mtu mzito anayepanda ngazi.

"Ndiye huyo," Bi Nora akanong'ona, uso umemchangamka. "Anaenda kulala kidogo."

"Hiyo ni chokaa inayoachwa na maji, bibi. Imejaa humo ndani, maji yanachemka kwa taabu. Maboila mengi yanalia hivyo."

"Chokaa mwenyewe! Nimezeeka na mwanamume yule, leo nishindwe kuzijua hatua zake?"

Derek alicheka, akapiga magoti mbele ya boila, akafungua kifuniko. Kicheko kikamkauka. Moto unaotakiwa kuwa wa buluu ulikuwa wa manjano, mrefu na mlegevu, na masizi yametapakaa kila mahali. Hapo ndipo alipotambua kwamba kichwa kilikuwa kinamgonga tangu alipokaa, naye alikuwa akiilaumu bia ya jana.

Aligeuka amwite Bi Nora. Kwenye kiti cha dirishani, kilichokuwa kitupu muda wote, alikaa mzee mwenye sweta ya kijani. Si kivuli, jamani. Vifungo vya sweta vilionekana. Mkono wake mmoja ulinyooka, ukionyesha ukuta nyuma ya kabati. Derek angekuwa na nywele, zingemsimama.

"Umemwona, eh?" Bi Nora akauliza nyuma yake.

Derek alijua akikubali tu, bibi huyu hatoki humu ndani, na asipotoka atakufa.

"Sijaona mtu," akasema.

Akafunga koki ya gesi, akafungua mlango na madirisha, kisha akalivuta lile kabati. Nyuma yake palikuwa na tundu la hewa la boila, limeshindiliwa soksi na magazeti hadi halipitishi hata sindano. Mtaa mzima wanafanya hivyo. Upepo wa mlimani unapita hapo, fundi anakataza, akitoka tu wanaziba.

"Nje, bibi! Hii ni gesi ya sumu. Haina harufu, inamwonyesha mtu mambo, halafu inamuua."

Bi Nora alimng'ang'ania mkono. "Liwashe, mwanangu. Ukilizima ataondoka. Mimi nitabaki na nani?"

"Utabaki hai!" Derek akafoka, na papo hapo akajionea aibu. Alimshika mabega, akamtoa taratibu.

Walikaa kwenye kiukuta cha bustani, bibi amefunikwa koti la fundi, wakisubiri gari la wagonjwa aliloliita Derek. Theluji ilikuwa ikidondoka. Rangi ilianza kumrudi Bi Nora usoni.

"Haya, gesi umeshazima," akasema. "Niambie kweli sasa. Hukumwona?"

Derek alijifuta masizi mikononi. Maisha yake yote kila mlio ulikuwa na sababu, na huu wa leo aliujua vizuri kabisa. Ule mkono ndio hakuuelewa, na ulimtisha.

"Nilimwona," akasema. "Alikuwa anaonyesha pale penye tundu. Ndiyo maana nikavuta kabati."

Bi Nora alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Kila siku alikuwa ananionyesha palepale," akasema. "Nami nilidhani anasikia baridi. Kila akinyoosha mkono, naongeza soksi."