Mzee Anayeinamia Daraja la Mbali

Kila adhuhuri, mstaafu aliyekuwa akiwatembeza watalii kwa boti huketi kwenye mkahawa wa kando ya mfereji, hapa Kopenhagen, akikata mkate mweusi wenye samaki wa siki kwa kisu na uma, taratibu kama fundi cherehani. Boti ya watalii ikikaribia daraja la chini, huweka uma na kunong'ona: "Vichwa, jamani, daraja halijui mkubwa wala mdogo." Kisha huinama, kipara kikikaribia kugusa sahani.

Leo Sidsel, mhudumu, alishindwa kunyamaza. "Babu, daraja si liko kule?"

"Kuinama si taabu, binti yangu. Taabu ni kuinuka nikajikuta bado nchi kavu."

Boti nyingine ikaja. Sidsel akainama naye, sinia mkononi, asithubutu kuwa wa kwanza kuinuka.