Otomatiki ya Mama Faiza

Wanaume wa Machakos tuna ugonjwa mmoja: kitu tusichokijua tunakiita kibovu. Nasema hivyo nikijihesabu mwenyewe. Mimi Ndambuki nimekuwa fundi wa magari mjini humu tangu mwaka wa themanini na tisa, na kufikia 2005 ugonjwa huo ulikuwa umeniingia hadi mifupani.

Aliyenitibu ni Habiba, mshonaji wa sare za shule, ambaye mji mzima humwita Mama Faiza. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa na miaka mitatu. Anatembea na chuma kilichofungwa kuanzia pajani, na magongo hataki hata kuyasikia. Siku za kununua gari, ndugu yake Yasin alimtafutia kigari kidogo cha kistaarabu. Yeye akaenda zake Mombasa, akarudi na Subaru ya turbo, otomatiki, nyeusi, yenye tundu kubwa la hewa juu ya boneti. Watu walipomuuliza mbio zote hizo ni za nini, alijibu, "Nimetembea polepole miaka thelathini na nane. Inatosha."

Otomatiki haina pedali ya klachi. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta, huohuo unakanyaga breki, basi. Hilo ndilo gari ambalo Habiba angeweza kuendesha, na aliliendesha kwelikweli. Alipeleka sare Ndithini, Ekalakala, hadi Kinanie, na madereva waliojiona hodari walizoea kutazama taa zake za nyuma.

Kisha Yasin akaliazima. Petroli ikamwishia karibu na Ekalakala, na badala ya kutafuta mtungi, akafanya lile tunalofanya sote huku kwetu: akasimamisha lori, akafunga kamba, akavutwa hadi Machakos, magurudumu yote manne yakizunguka chini. Gari la gia za mkono lingevumilia. Otomatiki hulainishwa na mafuta yanayosukumwa na injini, na injini ikiwa imezimwa, mle ndani vyuma vinasagana vikavu. Yasin hakujua. Kusema kweli, siku hiyo hata mimi sikujua.

Liliponifikia, liliwaka vizuri, lakini ukitia gia halikusogea hata inchi. Nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, nikanusa. Yalinuka kama maharagwe yaliyoungua. Nikapangusa mikono, nikatoa hukumu.

"Mama Faiza, hii giaboksi imeisha. Tutoe, tuweke ya mkono. Hapa Machakos hakuna mtu anafungua otomatiki."

"Na klachi nitakanyaga na nini, fundi? Na ulimi?"

Yasin akaingilia. "Dada, usijali. Mimi nitakuwa nakuendesha. Ukitaka kwenda mahali, unaniambia tu."

Alidhani anamfariji. Habiba alimtazama mpaka kijana wa watu akainamisha kichwa.

"Nikitaka kwenda mahali nije kwako kuomba? Nikungoje uamke, nikungoje umalize chai? Huko nilishatoka, Yasin. Siendi tena."

Akazunguka gereji nyingine tatu. Wote walimwambia nililosema mimi, tena kwa sauti ya kumhurumia, na huruma ndiyo kitu kinachompandisha mori kuliko matusi. Akapanda hadi Grogan, kule Nairobi kwenye soko la vipuri, kutafuta otomatiki nyingine nzima. Zilizokuwepo zilikuwa za magari yasiyo na turbo, na nguvu ya lake ingezitafuna kabla ya mwezi kuisha. Jumatatu asubuhi akarudi kwangu, akavuta kigoda, akaketi mbele ya gari.

"Fundi, hii giaboksi umewahi kuifungua?"

"Hapana, lakini..."

"Sasa umejuaje imeisha? Sema unaogopa."

Nilikasirika. Kuitwa mwoga kwenye gereji yangu mwenyewe, wateja wakisikia! Lakini kilichonichoma ni kwamba ilikuwa kweli. Otomatiki ina vipande mamia, na jina langu nilikuwa nimelijenga kwa kukataa kazi ambazo zingenishinda. Nilikuwa tayari kumtoa mwanamke kwenye usukani wake ili mimi nisionekane sijui. Nikikumbuka, naona haya mpaka leo.

"Nikiharibu je?" nikauliza.

"Si umesema imeisha? Utaiharibu mara ngapi?"

Tukaishusha. Nilitaka kumwaga vipande kwenye karai kama nilivyozoea, akanipiga kofi mkononi. Yeye nguo ya mtu akitaka kujua ilivyoshonwa, huifumua mshono mmoja mmoja na kupanga vipande kwa mfuatano. Akatandika leso zake tano sakafuni. Kila nilichotoa alikiweka mahali pake, akakitia namba kwa chaki ya fundi cherehani, na kukichora kwenye daftari. Nilipoharakisha, alinirudisha nyuma. Nilipotukana, alicheka.

Mle ndani nilikuta sahani nyembamba zimepangwa safu safu. Safu mbili zilikuwa zimeungua zikawa nyeusi. Vingine vyote vilikuwa vizima, vinang'aa. Nilikaa chini kabisa kwenye vumbi. Giaboksi haikuwa imeisha, ilikuwa mgonjwa tu, na sisi mafundi wanne tulikuwa tumeshaizika. Sahani nyingine tulizipata Grogan, ndani ya giaboksi ya gari la turbo lililogongwa, ganda lake limepasuka lakini matumbo yakiwa salama.

Siku ya kumi na moja tukairudisha. Nikawasha, nikatia gia, gari likaruka mbele kwa hamu. Nikatia rivasi. Kimya. Nikatia tena. Kimya.

"Si mliambiwa imeisha?" Yasin akasema, na nilitamani ardhi inimeze.

Habiba alishaanza kupakia mizigo. "Sare za Kinanie zinangojwa. Nitaenda mbele tu."

Na akaenda. Siku tatu aliendesha gari lisilojua kurudi nyuma, akigeuzia kwenye viwanja vya soko na kukataa kuegesha mbele ya ukuta wowote. Siku ya nne akaliegesha gereji, akatandika leso, akafungua daftari. "Fungua tena."

Nilifungua bila kubishana. Kwenye pistoni ya rivasi nikakuta raba moja nyembamba nimeivisha kinyume, mimi na haraka zangu. Kwenye mchoro wake ilikuwa sawasawa, sikuangalia tu. Nikaigeuza, nikafunga, na gari likarudi nyuma taratibu hadi nje ya mlango. Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

Akaniamuru niingie ili tulijaribu gari. Tukashika barabara ya kupanda vilima vya Mua. Akakanyaga, turbo ikapuliza, kona zikaanza kutujia moja juu ya nyingine. Nilikanyaga breki ambayo haikuwepo.

"Mama Faiza, pole pole basi!" nikasema, nimeng'ang'ania mlango.

"Hapo ulipokaa ndipo mlipotaka kuniweka mpaka nife," akasema, macho yakiwa barabarani. "Unapaonaje?"

Nilijifunga mkanda, naye akakanyaga mafuta.