Pazia Lililofuliwa Ingleburn

Siku niliyopewa kazi ya kubuni jukwaa la dansi ya baleti katika lile jumba maarufu la opera la jiji letu, lenye mapaa meupe, nilipiga kelele ndani ya treni ya kwenda kitongoji cha Liverpool mpaka abiria wakahamia viti vingine. Sikujali. Nilimpigia mama simu palepale.

Mama anahudumia wagonjwa katika hospitali ya Westmead, lakini mikono yake ni ya cherehani tangu tukiwa kwetu Uvira. Nilimwomba yeye na akina mama wa kwaya yake, kule mtaani kwao Ingleburn, wanishonee pazia kubwa la nyuma: ziwa zima la vitambaa vya buluu, kipande kwa kipande. Alikubali, kisha akataka kujua jumba lenyewe lilibuniwa na nani. Nikamweleza kwamba mbunifu alitoka nchi ya mbali, akakorofishana na wakubwa, akaondoka kabla halijakamilika.

"Alirudia kuiona?"

"Hakurudi, mama. Mpaka anakufa."

Mama mwenyewe nyumba yake ya Uvira aliiacha haijaezekwa. "Mimi, hii pazia nitaiona," akasema.

Pazia likafika limenyooka, linanukia sabuni. Moyo ulinienda mbio kwa furaha! Kisha afisa wa usalama wa moto akakata kipande cha pindo, akakiwashia kiberiti. Kikawaka papo hapo.

"Hili halipandi jukwaani," akasema.

Vitambaa vile vilikuwa vimetiwa dawa ya kuzuia moto kabla sijavipeleka kwa mama. Nikampigia.

"Ilikuwa inanuka dawa ka hospitali," akasema. "Tulifua, tukapiga pasi. Kitu ya watu unairudisha chafu?"

Nilikuwa nimejiandaa kufoka, nikajikuta nacheka mpaka machozi. Kwetu hata sufuria ya jirani hairudi kwake bila kusuguliwa ikang'aa. Nilipaswa kulitarajia hilo. Lakini onyesho lilikuwa keshokutwa, na bila pazia mama angekuja kutazama ukuta mweusi.

Mafundi walilinyunyizia dawa upya kule chini ya jukwaa, wakalitundika, wakalielekezea feni zote walizokuwa nazo likauke. Mimi nilizunguka hapo nikiligusa kila mara, mpaka wakanifukuza. Asubuhi ya onyesho afisa akarudi na kiberiti chake. Moto ukagusa kitambaa, ukafa. Nilimkumbatia yule bwana, maskini, hakujua aweke wapi mikono.

Mchana ule mama alikaa mbele na wenzake wa kwaya, wote wamevaa vitenge vya sare. Wachezaji waliruka, ukumbi ukashangilia, nami nikashangilia kuliko wote. Mama hakuwatazama wachezaji hata kidogo. Alitazama ziwa lake tangu mwanzo hadi mwisho.

Taa za ukumbi zikawashwa, watu wakaanza kutoka. Nikamshika mkono nimwinue, akanivuta nikae.

"Nimeiona," akasema, na hakuinuka.