Baada ya Chakula

Mimi mkali, sikatai. Miaka kumi na tisa ya kliniki ya wajawazito hapa Buzebazeba imenimaliza miguu na subira, vyote viwili. Mbele yangu akina mama wananiita Sista Verediana. Nikigeuka wananiita Pilipili. Najua, na nimechoka hata kukasirika. Lakini habari ya Yunisi haijanitoka moyoni.

Yunisi alikuwa anaanika dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Mwembamba, mpole, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Miaka ishirini na saba, mimba ya sita. Siku ya kwanza alikuja mimba ina miezi minne. Nikamvuta kope ya chini: ndani nyeupe kama muhogo uliomenywa. Kipimo kikasema damu nane, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya kumi na moja. Nikampa dawa ya minyoo, chandarua, vidonge vya kuongeza damu, na maneno yaleyale niliyowaambia wanawake sijui elfu ngapi.

"Kimoja kila siku, baada ya chakula. Usiruke."

"Sawa, sista."

Mwezi uliofuata damu ikawa saba na nusu. Nikamuuliza kama anameza.

"Nameza, sista. Nikila tu, nameza."

Nikamwandikia vingine. Mwezi mwingine ikawa saba. Hapo nikaja juu. Nikamwambia mbele ya foleni nzima kwamba anatupa dawa chooni, kwamba atakuja kufia mikononi mwangu, aniachie kesi. Akainamisha kichwa.

"Haki ya Mungu, sista, nikila nameza."

Kauli ile niliisikia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naandika, sikuinua hata macho.

Ilikuwa miezi ile ziwa limefungwa, uvuvi marufuku, ili samaki wazaliane. Sina ubishi, ziwa nalo lilichoka. Lakini nilikuwa naitazama kadi ya Yunisi, watoto watano ndani ya miaka minane, najisemea: ziwa limepewa likizo ya miezi mitatu, huyu nani amempa? Mwaloni hakukuwa na dagaa wa kuanika wala wa kula. Mume wake, Elikana, akaenda Simbo kufanya vibarua mashambani.

Mimba ilipofika miezi minane, Yunisi hakutokea kliniki. Nikafunga milango nikamfuata kwa mguu, jua la mchana utosini, nimepania kumgombeza.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anahema kama aliyepanda mlima, kumbe alikuwa ametoka kuchota ndoo moja tu ya maji. Miguu imevimba. Mama mkwe wake, Bi. Honorata, alikuwa anamenya mihogo. Watoto wanakula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, na Yunisi naye ana sahani yake mapajani.

"Vidonge viko wapi?"

Mtoto akaniletea kopo. Nikalifungua. Loo! Vimejaa. Karibu vyote nilivyompa vilikuwa mle ndani. Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

"Unataka kufa wewe? Miezi yote hii unanidanganya?"

Bi. Honorata akaweka kisu chini.

"Sista, usimwonee. Huyu hajadanganya mtu. Ulimwambia baada ya chakula. Sasa sisi hapa tumekula lini?"

"Na hicho kwenye sahani ni nini?"

"Huu ni muhogo tu, sista," Yunisi akajibu polepole, kama anamwelewesha mgeni. "Chakula ni ugali. Ugali tunapika Elikana akirudi na unga, Jumapili. Siku hiyo nameza."

Mimi ni Muha kama wao. Kwetu ni hukohuko Simbo. Nikishamaliza sufuria ya mihogo na ndizi juu yake, ukiniuliza nimekula, nitakujibu bado, sijala, maana ugali sijauona. Jambo hilo nimelijua tangu sijaota meno, halafu navaa gauni jeupe naenda kuwaambia wanawake wa kwetu "baada ya chakula." Nikakaa kwenye mkeka, kando yake, nimeona haya mpaka nikashindwa kumtazama.

Nikaita bajaji, nikampeleka mwenyewe hospitali kubwa. Damu tano. Uchungu ukamwanza palepale, kabla ya wakati. Alitundikiwa chupa mbili za damu. Elikana aliitwa kutoka Simbo akatoa damu, na mimi nikatoa. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo mno. Aliishi siku mbili.

Yunisi alipona. Nilipokwenda kumtazama wodini alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa umeanza kupata joto.

"Nilifuata vile ulivyosema, sista," akaniambia.

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anataka tu nijue kwamba si mkaidi. Angenitukana ningeshukuru.

Jumanne iliyofuata nikarudi kazini. Mabenchi yamejaa, wanawake ishirini na wawili, saa tano ya asubuhi. Kabla sijagawa kidonge hata kimoja nikasimama mbele yao.

"Nani amekula leo?"

Hakuna mkono.

"Nani amekunywa chai na muhogo, au kiazi, au ndizi?"

Mikono ikapanda, benchi baada ya benchi.

"Basi mmekula," nikawaambia. "Mmesikia? Mmekula. Kaeni kidogo, chai ishuke, halafu mmeze, kwa maji."

Wakatazamana, wakacheka. Walidhani leo Pilipili anatania.