Kitanda cha mtoto kimekataa kuingia

Marani, 1973

Jamani, leo kuku ametaga kwenye kitanda cha mtoto wangu, na mtoto mwenyewe hata hajazaliwa.

Harufu ya rangi inanitapisha, na pesa hatuna. Basi baba mkwe akatutengenezea kitanda cha mianzi na kamba za migomba. Hakuna rangi, hakuna msumari.

Kimetoka kizuri, sisemi uongo.

Mume wangu amejaribu kukiingiza mlangoni kwa ubavu, akajaribu kwa miguu. Wapi, kimebaki nje na kuku.

Mnajua kwetu mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mlango wetu aliupima kwa macho, akiwa kule kwenye migomba.

Nikamtuma mume wangu amweleze.

Mzee akajibu, "Kitanda hakina shida. Mlango ndio mdogo."

Nani kati yenu angembishia baba mkwe?

Kesho tunabomoa ukuta.